Gunia la Mzee Aloisi

Mwanangu Somoe,

Nisamehe kwa kukawia. Barua hii nilikuahidi siku ile jina lako lilipobandikwa ubaoni kwamba umechaguliwa sekondari. Nikasema nitaiandika Jumapili, na Jumapili zimepita sita. Usidhani nilikosa karatasi. Magunia yalinizidi, ni kweli, lakini magunia yananizidi kila siku na bado napata nafasi ya kusengenya na Mama Pili. Nilikuwa naogopa, ndiyo sababu.

Sasa treni yako ni kesho. Umekwenda kunyolewa nywele kama shule ilivyoagiza, nami nimekaa uani juu ya rundo la magunia, ubao wa chapati magotini ndio meza yangu, shazia, sindano yangu ya magunia, nimeichomeka kwenye kanga nisiipoteze. Nataka nimalize kabla hujarudi na hicho kichwa chako kipya, maana nikikuona tu nitaanza tena habari za sabuni.

Habari za sabuni, shuka na kuamka mapema umeshazisikia mpaka zimekuota masikioni. Humu hazimo. Humu mna hadithi unayoijua, na nusu yake ambayo sijakupa.

Juzi shangazi yako alikuuliza mbele ya watu, "Na hao watoto wa wakubwa wakikucheka Kiingereza chako, mwali wangu, utafanyaje?" Nawe ukasimama, mkono kiunoni, ukamjibu, "Nitafanya kama mama. Nabeba gunia langu, naondoka!" Uani kote wakaangua kicheko. Mama Pili akasema, "Mtoto wa nyoka ni nyoka, jamani!" Na mimi nilicheka. Halafu nikaingia chumbani nikakaa kitandani. Mwanangu anasafiri kwenda Tabora na silaha niliyompa mwenyewe, na silaha hiyo inamkata anayeishika.

Ngoja nianze mwanzo.

Ulikuwa na miaka minne, mimi ishirini na moja. Baba yako alikuwa ameshakwenda zake Lindi. Nilikuwa mhudumu kwenye ofisi ya shirika moja huko mjini, jina lake naliacha lilipo. Kazi yangu kufagia, kupeleka faili, na saa nne kuwamiminia wakubwa chai. Mbele ya watu wote tulikuwa ndugu. Ndugu Meneja, Ndugu Mhasibu, hata mimi Ndugu Mwanahawa. Mlango ukifungwa wanasema Kiingereza, na mimi nimo humo humo na birika langu, kama vile mimi ni kiti.

Chini, kwenye masijala, ndiko alikokuwa Mzee Aloisi, karani mtu wa Kilimanjaro, Mkristo, mwenye miwani iliyofungwa uzi sikioni. Alikuwa amefanya kazi tangu enzi za Mwingereza. Siku moja nikamkuta anafunga faili kwa utepe mwekundu.

"Shikamoo mzee. Mnazipamba kama bibi harusi?"

"Marahaba binti." Akacheka mpaka miwani ikamshuka. "Huu ndio ugonjwa wenyewe. Kule kwao karatasi za serikali zilifungwa kwa utepe kama huu. Mtu anakuja na shida yake leo, kesho, keshokutwa, anaambiwa bado imo ndani ya utepe. Ndiyo maana mpaka leo Mwingereza jambo likimkwama ofisini, analaumu utepe mwekundu."

"Kumbe na wao wanazungushwa?"

"Binti, wao ndio waliovumbua mzunguko."

Tangu siku hiyo kila msemo nilioudaka nikimimina chai niliuandika kwenye daftari langu la kisomo cha watu wazima, hivyo hivyo masikio yalivyoupokea, na saa sita wakubwa wakienda kula nampelekea. Yeye ananieleza maana, halafu namwuliza swali langu lile lile: aliambiwa nani kwanza? Sisi tunajua kanga, Somoe. Jina la kanga halikuandikwa kwa ajili ya ukuta. Lina mtu wake, na huyo mtu anajijua. Nikaona Kiingereza nacho hakiwezi kuwa tofauti. Mzee Aloisi akasema hakuna aliyewahi kumwuliza hivyo, hata mwalimu wake.

Akanipa habari za mwokaji mikate wa zamani aliyeogopa kupigwa faini kwa kupunja, basi mteja akinunua mikate kumi na miwili anamwongezea wa kumi na tatu. Na mpaka leo kumi na tatu wanaiita dazeni ya mwokaji. Nikamwambia hiyo hata wauza nyanya wa Kariakoo wanayo, ila wao wanaongeza iliyooza. Akanipa ya paka aliyetoka kwenye mfuko: mchuuzi anakuuzia kitoto cha nguruwe kimefungwa mfukoni ("samahani binti, najua wewe Mwislamu"), unafika nyumbani unafungua, paka huyo anaruka. Hapo siri imetoka. Nikamwambia mchuuzi huyo namjua, ana meza Mtaa wa Kongo. Akanipa ya masikini waliozuiwa kukata kuni kwenye msitu wa bwana, wakaruhusiwa tu matawi makavu, yale wanayoweza kuyavuta kwa ndoana au kwa fimbo yenye kota, ncha iliyopinda. Mpaka leo mtu akiapa kupata kitu kwa vyovyote vile, anataja ndoana na kota. "Ndivyo nilivyofundishwa," alikuwa akisema kila akimaliza. "Wengine wana lao."

Hapo nilitambua kitu ambacho nataka uende nacho. Wale wakubwa wangu walikuwa wanakivaa Kiingereza kama suti, kumbe maneno yenyewe wameazima kwa mwokaji mikate mwoga, kwa mwanamke anayeokota kuni, kwa fundi wa mtaani. Watu wa jasho. Watu kama mimi. Kwa hiyo darasani mtu akikutupia msemo ili ujione mdogo, usiiname. Mwulize, tena kwa sauti, "Maana yake nini, na nani aliambiwa kwanza?" Tisa katika kumi hawajui. Na anayejua atakuwa rafiki yako.

Sasa gunia.

Mzee Aloisi alinieleza kwamba fundi wa kule zamani alikuwa na vyombo vyake mwenyewe, nyundo, patasi, msumeno, vyote kwenye gunia. Akipata kazi, gunia linakaa kwa bwana. Siku bwana akimchoka, hasemi mengi. Anamtia gunia lake mkononi. Ndiyo maana aliyefukuzwa kazi husemwa amepewa gunia.

Haikupita wiki mbili. Niko ofisini kwa Meneja namimina chai, yeye anazungumza na Mhasibu. Shemeji yake Meneja alikuwa anatafuta kazi, hilo ofisi nzima ilijua. Nikasikia jina langu. Nikasikia Ijumaa. Nikasikia gunia. Mhasibu akacheka, akaniangalia, akasema kwa Kiswahili, "Chai yako tamu leo, ndugu." Nikamwambia, "Asante, ndugu." Sikumwaga hata tone.

Nikashuka masijala. "Mzee, niazime gunia, nina mkaa wa kuchukua." Akafungua kabati akanipa gunia la katani lililokuja na ndizi kutoka kwao. Hakuuliza kitu.

Hapa ndipo unapoingia na makofi yako. Ijumaa, Meneja ana wageni wawili. Nikagonga, nikaingia, nikalitandika gunia sakafuni, nikatia kikombe changu, kandambili zangu, kitambaa changu cha mikono. Meneja kinywa wazi. Nikamwambia kwa Kiingereza nilichokifanyia mazoezi usiku kucha kwamba asijisumbue, gunia ninalo. Akaniuliza kwa Kiswahili, "Nani kakufundisha?" Nikamjibu, "Masikio yangu, ndugu." Wageni wakacheka. Makarani wakatoa vichwa milangoni. Mlinzi wa getini akanipigia saluti. Nikatembea kupita Mnazi Mmoja mpaka nyumbani, gunia begani, kama mtu anayetoka kuolewa na ulimwengu.

Hadithi yangu inaishia hapo kila mara. Kwenye ngoma, kwenye foleni ya sukari, kwenye kukusuka nywele. Miaka kumi inaishia hapo. Lakini haikuishia hapo.

Jumatatu nilikwenda kuchukua haki zangu. Nikaoneshwa karatasi: nimeacha kazi kwa hiari yangu mwenyewe. Nikamkimbilia mwenyekiti wa kamati ya wafanyakazi. Siku zile mkubwa hakuweza kumfukuza mtu hivi hivi. Ilibidi kamati ikae, usomewe kosa, ujibu, iandikwe. Mwenyekiti akashika kichwa. "Dada Mwanahawa, wangekufukuza ningewasimamisha hapo hapo. Kosa lako lipi? Hawana! Sasa mimi nimtetee nani? Wewe umejifukuza."

Nikashuka masijala. Mzee Aloisi alikuwa anapanga faili, taratibu kuliko siku zote.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti." Akaliangalia lile gunia, nilikuwa nimemrudishia. "Nilikupa habari nzima, wewe ukashika nusu. Gunia hutoka kwa bwana. Bwana akikupa, watu wote wamemwona anakupa. Ukija nalo mwenyewe, bwana hana kosa."

Halafu akaligeuza. Na mimi kwa mara ya kwanza nikaona kile ambacho Meneja alikuwa ameshakiona siku ya Ijumaa. Watu wa kwao wakituma mzigo kwa basi, huandika jina la mwenyewe kwa rangi nyeusi, herufi kubwa kama kiganja, lisipotee. ALOISI. DSM. Nilikuwa nimelitandika jina lake katikati ya ofisi.

Yeye akanirudishia. "Chukua. Mkaa wako bado hujauchukua."

Wakubwa walisema Mzee Aloisi anatoa siri za ofisi. Alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu. Wakamhamishia Tabora, kwenye ghala. Sikuambiwa na yeye. Aliyeniambia ni mkewe, alikuja mpaka hapa uani, mimi nafua nguo zako.

"Wewe ndiye binti wa gunia?"

"Ndimi, mama. Shikamoo."

Hakuniitikia. Alisimama tu, pochi kifuani. "Mume wangu anaondoka kesho kwa treni. Amesema nisikuambie. Ndiyo maana nimekuja kukuambia."

Somoe, sikwenda. Stesheni ni hatua chache toka hapa, nawe unajua. Asubuhi ile nilikushika mkono tukaenda Feri kununua samaki, mimi ambaye sikuwa na hela hata ya dagaa, ili mtu akiniuliza niseme nilikuwa Feri. Tulisimama kwenye harufu ile mpaka jua likawa kali. Ukaniuliza, "Mama, tunasubiri nini?" Nikakuambia, "Bei ishuke." Huo ndio uongo wa kwanza niliokuambia nikijua ni uongo, na nikajenga hadithi nzima juu yake.

Mengine uliyaona. Walipopita nyumba kwa nyumba kutafuta wasio na kazi ili wapelekwe vijijini, tulishinda Jangwani kwenye matope, unakumbuka, ukidhani tunacheza. Mwisho mwenye duka la nafaka akanipa magunia mabovu nimshonee, na magunia ndiyo yametulisha, vumbi na kikohozi na vyote. Watu wananiambia ni adhabu. Mimi nawaambia adhabu mnaijua nyie. Mimi nakula kwa sindano yangu.

Usinielewe vibaya. Sijutii kuelewa yale maneno, wala sijutii uso wa Meneja. Ule uso nitazikwa nao. Kama kuelewa Kiingereza cha watu ni kosa, waandike, nitie dole gumba. Ninachojutia ni viwili. Nilijifukuza kwa sababu kicheko cha dakika moja kilikuwa kitamu kuliko kamati. Na nilimwacha mtu aliyenifungulia mlango alipe peke yake, nikaenda kusimama Feri.

Basi wewe, usibebe gunia lako. Unanisikia? Wakikucheka, kaa. Wakikuonea, kaa hapo hapo kwenye dawati, miguu yote miwili sakafuni. Kama kuna gunia, walete wao, walilete mchana, mbele ya watu, na waandike sababu chini yake na jina la aliyeandika. Nataka kuisoma hiyo sababu. Usiwafanyie kazi yao. Kurudi hapa kwa hasira uje unishikie shazia, sitaki. Mlango wangu siku zote uko wazi kwako, lakini si kwa ajili hiyo. Shangazi yako anasema mtoto wa kike akisoma mbali anarudi haongei na mamake. Mwache aseme. Anayekuogopesha na maneno ya kigeni hajawahi kuuliza yalitoka kwa nani. Wewe umelelewa na mtu anayeuliza.

Na ukishakijua Kiingereza vizuri, ukajikuta siku moja uko ndani ya chumba na mtu anayemimina chai, usikitumie kumfungia mlango. Nitajua. Sijui nitajuaje, lakini nitajua.

Sasa nakuja kwenye kile nilichokiogopa kwa Jumapili sita.

Fundi mmoja wa reli anayenunua magunia kwangu ameniambia Mzee Aloisi yupo Tabora bado. Alistaafu huko huko, mkewe akamfuata, wanaishi nyuma ya stesheni. Ukiuliza karani mzee mwenye miwani ya uzi, kila mtu anamjua. Jumamosi ya kwanza mtakayoruhusiwa kutoka shuleni, nenda na mwenzako. Ule mzigo uliouliza ni wa nani, ukaambiwa ni wa mtu, ndio huo. Ni gunia lake. Nimelitia viraka vinne, lakini jina sikuligusa. Unajua sisi hatumrudishii mtu chombo chake kitupu, na mimi nimekaa nacho miaka kumi, kwa hiyo mna nazi nane na papa mkavu, vitu ambavyo huko hawavipati. Ndani yake mna bakuli langu la bati, lile la ua jekundu, lina visheti. Nimelifunga kwa utepe mwekundu. Atajua.

Mkewe akikufungulia, mwamkie, piga goti kabisa, hata asipokuitikia. Mwambie mzee wewe ni mtoto wa Mwanahawa wa chai, na kwamba mama yako anasema siku ile hakuwa Feri kununua samaki, alikuwa amejificha. Sema hivyo hivyo. Usiipambe. Usiseme "mama anakusalimu sana" kama watu wa redioni. Akikutukana, pokea, ni yangu. Utaniuliza mbona siendi mwenyewe. Nauli ni moja, mwanangu, na nimechagua iwe yako. Lakini kesho nitaingia stesheni. Miaka kumi nimezunguka kwa nyuma nisiione ile saa yao ukutani. Kesho nitasimama chini yake mpaka behewa lako la mwisho lipotee, na anayetaka kuniangalia aniangalie.

Nasikia sauti yako kwa Mama Pili, mnacheka, nadhani kichwa kimekwisha. Kwa hiyo haya ndiyo ninayoyahitaji unitumie, na usinitumie kingine, asali ya Tabora najua ni tamu, iache.

Nitumie daftari langu la kisomo. Nimelitia chini ya sanduku lako, chini ya sare. Misemo tisa humo haina asili yake, nimeiwekea msalaba pembeni. Mwulize mzee, akikubali, au mwulize mwalimu, uandike kwa mwandiko wako mzuri. Kwanza kabisa ule wa shoka. Waliogombana wakipatana, Waingereza husema wamelizika shoka. Mzee alisema hiyo ni ndefu, atanieleza Jumatatu, na Jumatatu yenyewe ikawa ile. Nataka kujua shoka lilikuwa la nani, na lilizikwa wapi.

Nitumie maneno yake, atakayosema, yote, hata mabaya, kama alivyoyasema.

Niandikie kama mkewe aliitika.

Na nitumie bakuli. Mpe fundi wa reli, atanifikishia. Likirudi tupu, usilijaze wewe njiani, hilo nalo ni jibu lake.

Mama yako,
Mwanahawa